Kusema Unachopenda, Usichokipenda na Unachotaka kwa Kijapani cha Mwanzo

Madereva wengi wa Dodoma wanaoendesha magari yaliyotumika Japani wanaifahamu ile sauti ya kike inayosikika gari linapowashwa: "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen." Dereva mmoja wa teksi pale Sabasaba aliwahi kunihakikishia kwamba sauti hiyo inawakaribisha abiria na kuwatakia safari njema. Haikaribishi mtu. Inalalamika kwamba kadi ya kulipia tozo za barabara kuu za Japani haijachomekwa mahali pake, nayo itaendelea kulalamika hivyo kati ya Makole na Nzuguni hadi gari litakapochakaa. Ninaanza na sauti hiyo kwa sababu limo ndani yake neno dogo "ga", linalokionyesha kitu kinachozungumziwa, yaani kadi, na neno hilohilo ndilo litakalotuongoza katika sehemu kubwa ya mwongozo huu. Anayelijua vizuri "ga" hushika haraka namna ya kusema anachopenda, asichokipenda na anachotaka. Anayelipuuza hubaki akitunga sentensi za Kiswahili zilizovishwa maneno ya Kijapani.

Katika Kiswahili, kupenda ni kitendo. Tunaposema "ninazipenda zabibu", yupo mtendaji anayeonekana katika kiambishi "ni-", na kipo kitendwa kinachoonekana katika "-zi-". Katika Kijapani neno "suki", ambalo ndilo tunalolifasiri kuwa "kupenda", si kitenzi kabisa. Ni neno la sifa, lenye tabia moja na maneno kama "zuri" au "tulivu", na sifa hiyo huambatana na kitu kinachopendwa. Kwa bahati njema Kiswahili kina mlango wa kuingilia katika fikra hiyo, nao ni kitenzi "kupendeza". Ukisema "zabibu zinanipendeza", zabibu ndizo zilizoshika nafasi ya mbele, nawe umekuwa mtu ambaye jambo hilo linamhusu tu. Basi jizoeze kufikiri kwa "zinanipendeza" kila unapotaka kusema "ninazipenda", kisha utamke:

"Watashi wa budō ga suki desu."

"Watashi" ni mimi. "Wa" hutangaza kwamba habari inayofuata inamhusu huyo aliyetajwa. "Budō" ni zabibu. "Ga" huzionyesha zabibu kuwa ndizo zenye sifa. "Suki" ni sifa yenyewe ya kupendeza. Na "desu" hufunga sentensi kwa adabu. Tukiifasiri kwa kufuata mpangilio wake tutapata "ama mimi, zabibu ndizo zinazopendeza." Kosa ambalo karibu kila mwanafunzi anayezungumza Kiswahili hulifanya ni kuweka "o" mahali pa "ga", kwa sababu "o" ndilo neno linaloonyesha kitu kinachotendwa, kama katika "budō o tabemasu", yaani "ninakula zabibu". Kula ni kitendo, kwa hiyo "o" inafaa hapo. Kwa "suki" sema "ga".

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba "watashi" huachwa mara nyingi. Hilo lisikushangaze, kwa kuwa nasi hatusemi "mimi ninapenda" ila tunapotaka kusisitiza. Tofauti ni kwamba kitenzi chetu kina "ni-", "u-" au "a-" ya kutuambia nani anapenda, wakati "suki desu" haina chochote cha namna hiyo: inaweza kuwa ninapenda, unapenda au anapenda, na anayeamua ni muktadha. Ukiulizwa "Budō ga suki desu ka", ambapo "ka" ya mwisho ndiyo inayofanya swali, ni dhahiri unaulizwa wewe. Na ukijibu "Hai, suki desu", ni dhahiri unajisemea mwenyewe.

Kuhusu matamshi, sisi tumeanza tukiwa na mtaji. Irabu za Kijapani ni tano kama zetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Mambo mawili tu yanahitaji uangalifu. La kwanza ni kwamba "u" iliyomo katika "desu" na "suki" hunong'onwa hadi karibu kupotea, hivyo sikio husikia "des" na "ski". La pili, ambalo ni zito zaidi, ni urefu wa irabu, unaoonyeshwa hapa kwa kistari juu ya herufi. Irabu yenye kistari irefushe kama unavyorefusha "choo" ili isisikike "cho". "Bīru" ni bia, na "biru" ni jengo kubwa. Anayeagiza bila kurefusha huwa ameomba aletewe jengo.

Sasa tuongeze viwango. Kitu unachokipenda sana ni "daisuki": "Yagi no niku ga daisuki desu" maana yake ni kwamba unapenda sana nyama ya mbuzi, sentensi ambayo mtu wa Dodoma ataihitaji mapema kuliko vitabu vingi vya kiada vinavyodhani. Unaweza pia kutanguliza "totemo", yaani "sana", ukasema "totemo suki desu". Kukanusha hufanyika mwishoni: "suki ja arimasen", au kwa maandishi rasmi zaidi "suki dewa arimasen". Kati ya kupenda na kutopenda ipo njia ya katikati ambayo Wajapani huitumia mno, nayo ni kutanguliza "amari" mbele ya ukanushi: "Kōhī wa amari suki ja arimasen", yaani "kahawa siipendi sana". Angalia kwamba hapo "ga" imetoa nafasi kwa "wa". Katika ukanushi hilo hutokea mara kwa mara, kwa sababu "wa" hubeba dokezo la kulinganisha, kama vile sisi tunavyosema "kahawa, hapana, ila chai sawa". Dokezo hilo huonekana wazi zaidi unapoviweka vitu viwili bega kwa bega: "Sakana wa suki desu ga, niku wa amari suki ja arimasen", samaki ninapenda, lakini nyama siipendi sana. ("Sakana" na "samaki" yanafanana kwa bahati tu, lakini kwa kuwa bahati imetupa, tuitumie kukumbuka.) Hiyo "ga" iliyokuja baada ya "desu" ni nyingine, ina maana ya "lakini".

Neno la kuchukia ni "kirai", na kinachochukiwa sana ni "daikirai". Sarufi yake ni ileile ya "suki". Kwa kuwa linaishia kwa "-i", wanafunzi wengi hulidhani ni miongoni mwa maneno ya sifa yanayobadilika mwishoni, wakasema "kirakunai", neno ambalo halipo. Ukanushi wake ni "kirai ja arimasen". Hata hivyo, shauri langu ni kwamba neno hili ulielewe unapolisikia, lakini usilitumie ovyo, hasa mezani kwa mtu. Kumwambia mwenyeji kwamba chakula chake ni "kirai" ni sawa na kwenda Mvumi, ukawekewa ugali wa uwele na mlenda, kisha ukatamka mbele ya mama mwenye nyumba kwamba unauchukia mlenda. Hakuna sarufi itakayokuokoa hapo. Kijapani kina "nigate", neno linaloelekea kusema "mimi na kitu hiki hatupatani", huku kosa likibaki kwako na si kwa kitu. "Karai mono wa nigate desu" ni namna ya kistaarabu ya kusema kwamba vitu vikali vyenye pilipili huviwezi. Neno hilohilo hutumika kwa masomo na kazi usizozimudu, kama "Sūgaku ga nigate desu" kwa hisabati.

Hata "nigate" wakati mwingine huonekana nzito, ndipo Mjapani anapotumia sentensi isiyomalizika: "Sakana wa chotto..." Kwa maneno, amesema tu "samaki, kidogo..." kisha akanyamaza na kuinamisha kichwa. Amekataa kabisa. Asiyejua husubiri sehemu iliyobaki, au vibaya zaidi, humpakulia samaki kidogo.

Mlenda wenyewe una habari njema katika lugha hii. Wajapani wana "nebaneba", neno la mwigo linalotaja utelezi unaovutika, na wana vyakula vinavyopendwa kwa sababu ya utelezi huo, kama "nattō", ambayo ni maharage ya soya yaliyochachushwa, na bamia, ambayo wao huiita "okura". Mgogo aliyekulia mlenda anaweza kusema bila aibu "Nebaneba shita mono ga suki desu", ninapenda vitu vyenye mlenda, na akaeleweka kwa undani ambao wageni wengine hawaufikii.

Mpaka hapa tumependa vitu. Ukitaka kusema kwamba unapenda kufanya jambo, chukua kitenzi katika umbo lake la kamusi, weka "no" baada yake, kisha endelea na "ga suki desu" kama kawaida. "Hashiru" ni kukimbia. "Hashiru no ga suki desu" ni ninapenda kukimbia. "Hon o yomu no ga suki desu" ni ninapenda kusoma vitabu. Hiyo "no" hufanya kazi ileile ya "ku-" katika "kusoma", yaani hugeuza kitendo kuwa jina, isipokuwa yetu hukaa mbele na yao hukaa nyuma.

Katika kuuliza, "Nani ga suki desu ka" ni unapenda nini, na "Donna tabemono ga suki desu ka" ni unapenda chakula cha namna gani. Ukitaka mtu achague kati ya viwili utasema "Ocha to kōhī to, dochira ga suki desu ka", naye atajibu "Ocha no hō ga suki desu", ninapenda zaidi chai. Tahadhari moja tu: "suki" ikielekezwa kwa mtu huweza kuchukuliwa kuwa ni tamko la mapenzi. Mwanafunzi anayemwambia mwalimu wake "Sensei ga suki desu" akidhani anamshukuru kwa somo zuri atakuwa amesema jambo lingine. Mshukuru kwa "Arigatō gozaimasu".

Tukija kwenye kutaka, Kiswahili kina neno moja linalobeba mizigo miwili. Tunasema "ninataka maji" na "ninataka kunywa maji", na kitenzi ni kilekile. Kijapani hutenganisha. Kutaka kitu ni "hoshii", na kutaka kufanya jambo ni kiishio "-tai". Kabla ya kufungua mdomo jiulize: ninachotaka ni kitu cha kushika, au ni tendo?

"Hoshii" ni neno la sifa kama "suki", kwa hiyo "ga" inarudi: "Atarashii jitensha ga hoshii desu", ninataka baiskeli mpya. Tofauti yake na "suki" ni kwamba hili kweli ni la kundi linalobadilika mwishoni. Sitaki ni "hoshikunai desu". Nilitaka ni "hoshikatta desu". Sikutaka ni "hoshikunakatta desu". Usiseme "hoshii deshita", ingawa ukiwa umezoea "suki deshita" kwa maana ya "nilipenda" ulimi utakusukuma huko.

Kwa "-tai", chukua kitenzi katika umbo la adabu linaloishia kwa "-masu", ondoa "-masu", weka "-tai". "Tabemasu" huwa "tabetai", "nomimasu" huwa "nomitai", "ikimasu" huwa "ikitai", "shimasu" huwa "shitai". Sijapata kuona kanuni nyepesi kuliko hii katika lugha yao, kwa kuwa hata vitenzi vinavyosumbua kwingineko hutii hapa. Baada ya hapo "-tai" hugeuka sawasawa na "hoshii": "tabetai desu" ninataka kula, "tabetakunai desu" sitaki kula, "tabetakatta desu" nilitaka kula, "tabetakunakatta desu" sikutaka kula. Anayezungumza Kiswahili atahitaji muda kuzoea kwamba habari zote za wakati na ukanushi zimepakiwa mkiani. Sisi tukisikia "si-" tayari tunajua mtu anakataa. Kwa Mjapani inakubidi usubiri mpaka neno limalizike.

Neno linaloonyesha uhusiano hubaki kama kitenzi kinavyolitaka. "Nihon e ikitai desu" ni ninataka kwenda Japani. Kupanda chombo huchukua "ni", hivyo anayetamani treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, atasema "Densha ni noritai desu". Neno "densha" limeundwa na sehemu mbili, "den" yenye maana ya umeme na "sha" yenye maana ya gari, kwa hiyo kwetu limepata kustahili jina lake hivi karibuni tu. Kwa vitenzi vinavyochukua "o", unaweza kubakiza "o" au kuweka "ga": "mizu o nomitai desu" na "mizu ga nomitai desu" zote hukubalika. Ya pili hukikazia zaidi kitu chenyewe, kama unavyosikia mtu aliyerudi kutoka shamba la Hombolo saa saba mchana akisema "maji ndiyo ninayotaka kunywa."

Sasa nifike mahali ambapo mimi mwenyewe nilijikwaa. Nilikuwa nimemkaribisha mgeni wa Kijapani, mtu mzima aliyenizidi umri kwa miaka mingi, na mezani palikuwa na mvinyo wa Dodoma. Nilitaka kumweleza kwamba zabibu za kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, lakini nikaona nianze kwa kumkaribisha glasi. Nikasema kwa kujiamini, "Wain o nomitai desu ka." Akatabasamu, akaitazama glasi, akasema "Sō desu ne..." na hapo pakawa kimya. Sarufi yangu haikuwa na doa. Nilichokuwa nimekifanya ni kumwuliza mzee kama ana hamu ya pombe. Kwa Wajapani, hamu ya mtu ni jambo la ndani mwake, na kumwuliza mkubwa wako moja kwa moja kuhusu hamu yake kwa "-tai" au "hoshii" ni kumkosea heshima.

Jambo hilo lingepaswa kuwa rahisi kwangu, kwa maana sisi pia hatumwulizi mzee "unataka nini?" Tunamwamkia, kisha tunasema "karibu chai", au "utatumia nini, mzee?" Kijapani kinachofanana na hapo ni "Wain wa ikaga desu ka", yaani "je, mvinyo vipi?", na ukishamimina unasema "Dōzo", karibu. Kwa rafiki wa rika lako tumia mwaliko wa kukanusha: "Ocha o nomimasen ka", hunywi chai? Ukifasiri neno kwa neno husikika kama lawama, lakini kwao ni mwaliko laini.

Mpaka huohuo wa undani huonekana unapozungumzia mtu wa tatu. Huwezi kusema tu kwamba dada yako mdogo "mizu ga hoshii desu", kwa sababu hukuingia moyoni mwake. Unasema anaonyesha dalili za kutaka: "Imōto wa mizu o hoshigatte imasu", na kwa tendo, "Imōto wa tabetagatte imasu". Hapo "ga" ya kitu huwa "o", kwa kuwa sasa umbo limekuwa kitenzi. Namna hii inafaa kwa watoto na wadogo zako. Kwa mkubwa, ripoti alichosema kwa kuongeza "to itte imasu", amesema kwamba: "Sensei wa Dodoma e ikitai to itte imasu."

Na unapohitaji kitu dukani au hotelini, weka "hoshii" kando. Mtu aliyelelewa vizuri akienda Soko la Majengo hasemi "nataka nyanya". Husema "naomba nyanya". "Naomba" ya Kijapani ni "o kudasai", nayo hufuata jina la kitu: "Mizu o kudasai", naomba maji. Ikiwa ni zaidi ya kimoja, idadi hukaa kati: "Mizu o futatsu kudasai", naomba maji mawili. "O" imerudi hapa kwa haki yake, kwa kuwa "kudasai" ni kitenzi.

Tuchukue meza moja tuone yote yakifanya kazi. Umekaa na Mjapani mnayefanya naye kazi, mahali panapochomwa nyama karibu na Nyerere Square. Unamwuliza "Yagi no niku wa ikaga desu ka." Anajibu "Hai, daisuki desu." Unamsogezea sahani ya pilipili, naye anasema "Karai mono wa chotto...", kwa hiyo unairudisha pembeni bila kuuliza zaidi. Mhudumu anapokuja, rafiki yako anajaribu Kiswahili na kusema "nataka maji", nawe unamfundisha taratibu kwamba hapa ni "naomba", kama "kudasai" ya kwao. Baadaye unamwongezea vipande vya nyama. Anaweka kiganja juu ya sahani na kusema "Mō onaka ga ippai desu", tayari nimeshiba. "Onaka" ni tumbo, "ippai" ni kujaa, na katikati yake imesimama "ga" uliyoisikia asubuhi ndani ya gari.